Kwa Nini Mkaguzi wa Mashine Hukata Waya kwa Makusudi?

Tuseme karakana moja ya mbao kule Unga Limited, Arusha, imefunga mashine mpya ya kuranda. Mota inanguruma, kitufe chekundu kinabonyezwa, mashine inazima. Kila mtu anasubiri sahihi. Mkaguzi anafungua boksi la umeme, anachomoa waya mmoja wa kile kitufe, kisha anasema: haya, washa.

Ikigoma kuwaka, imefaulu.

Wengi hudhani kitufe cha dharura hupeleka umeme wa kusema "simama". Ni kinyume chake. Umeme mdogo hupita humo muda wote mashine ikiwa kazini, na kukibonyeza ni kuukata. Ni kama mlinzi wa usiku anayepuliza filimbi kila saa: ukimya wenyewe ndio unaokuamsha. Mlinzi wa kupiga kelele mwizi akija tu, mwizi akimziba mdomo nyumba nzima imelala. Kwa hiyo panya akitafuna waya, mashine isimame siku hiyohiyo, isingoje siku kidole kinanaswa.

Halafu kitufe kinaachiwa. Mashine haitakiwi kuwaka hapo, mpaka mtu abonyeze cha kuwashia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13850 kinasema hivyo. Umeme ukikatika na kurudi, vilevile. Kwetu sisi jaribio hili si la vitabuni: giza likiingia, ndipo mtu hupeleka mkono kutoa kipande kilichokwama.

Kuna hila nyingine ya ndani. Kontakta, ile swichi kubwa inayokata umeme wa mota, ncha zake huweza kuungua zikagandana. Ndiyo maana mashine hatari hufungwa kontakta mbili mfululizo. Mkaguzi huizuia moja isiachie, aone kama ya pili inakata na kama mashine inakataa kuwaka tena.

Muda nao hupimwa. Mashine ya kukandamiza bati yenye pazia la mwanga, yaani miale inayoisimamisha mkono ukiikatiza, haisimami papo hapo, na mahesabu ya usalama huuchukulia mkono kuwa unakwenda mita 2 kwa sekunde. Ikisimama kwa sekunde 0.2, pazia liwe mbali angalau sentimita 40, na nyongeza juu yake. Breki ikichakaa ikafika sekunde 0.3, sahihi ya mwaka jana imeshakufa.

Karatasi huandikwa kilichoharibiwa, kilichotokea na muda uliopimwa. Aliyefunga waya asijikague mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Mimi lakini naliamini zaidi swali la mwisho, ambalo haulizwi fundi wala bosi bali mwendesha mashine: "Mkiwa na haraka, hiki kifuniko huwa mnakifanyaje?" Akicheka na kuonyesha sumaku iliyobandikwa kwenye swichi ya kifuniko ili idhani kimefungwa, kalamu inarudi mfukoni.