"Sivuti, nanusa tu"

"Muganga, mimi sivuti. Nanusa tu." Jumatano nimelisikia tena, kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, hapa Bukavu. Mama wa miezi saba alifungua pindo la kitenge, akachota tumbako kwa vidole viwili, akanusa nikiwa bado namfunga kipimo cha presha. Nilimwacha apige chafya, ndipo nikamuuliza: kama haiingii mwilini, mbona asubuhi ukiikosa kichwa kinakugonga?

Watu wanadhani sumu yote iko kwenye moshi. Moshi una sumu zake, sikatai. Ila kinachokushika ni nikotini, nayo haihitaji moshi. Inapenya ngozi laini ya pua au ya mdomo, inaingia kwenye damu, inavuka kondo hadi kwa mtoto. Yale majivu mnayochanganya ili iwe kali ndiyo yanayoifungulia njia! Huko ndani inabana mishipa, wakati mapafu na sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi bado vinajengwa. Uswidi wanawake hupachika tumbako chini ya mdomo wa juu, bila moshi hata kidogo. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta watoto wao hukatika pumzi zaidi baada ya kuzaliwa kuliko watoto wa mama wasiogusa tumbako, na hatari yao haikuwa ndogo kuliko ya watoto wa wavuta sigara. Sasa "nanusa tu" inamsaidia nani?

Eti inazuia kichefuchefu. Nikotini yenyewe hutapisha. Tafuna kipande cha mkate mkavu kabla ya kutoka kitandani.

Eti mtoto akishazaliwa unaweza kurudia. Inapita kwenye maziwa. Lakini msielewe kwamba maziwa yaachwe. Ya kuachwa ni tumbako.

Eti koko, yaani bibi, alinusa na akazaa tisa. Siku moja nilimuuliza koko wa namna hiyo alizika wangapi. Alinyamaza, nami nikajuta kuuliza.

Kama ulinusa ukiwa na mimba, jifunze kumhesabia mtoto pumzi akiwa ametulia. Hesabu dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne, maana kichanga hapumui kwa mpango. Zikifika 60, rudia. Zikibaki hapo, mlete. Akikatika pumzi au midomo ikigeuka bluu, acha kuhesabu: msugue nyayo huku mtu anatafuta pikipiki.