Kwa nini wimbo wa "320" unasikika kama wa 128 ukifika kwenye spika kubwa?

Faili la MP3 limeandikwa 320, yaani kilobiti 320 za data kwa sekunde, na kwenye simu wimbo unalia vizuri tu. Ukumbini, ukiuingiza baada ya wimbo wa WAV (faili la sauti isiyobanwa), ghafla twita, spika ndogo za sauti nyembamba, zinaishiwa nguvu: matoazi yanasikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, makofi yamekuwa butu. Usilaumu spika. Mara nyingi faili la namna hiyo lilizaliwa na kilobiti 128 kwa sekunde, mtu akaligeuza kuwa 320 baadaye.

MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sauti ambazo sikio huzitambua kwa shida, hasa zinazofunikwa na sauti kubwa zaidi iliyo jirani. Kilichotupwa hakirudi. Ukihifadhi 128 kama 320, au hata kama WAV, umenenepesha faili tu. Nyimbo zinazotolewa YouTube kwa tovuti za kugeuza zina shida hiyohiyo, kwani kule sauti imeshabanwa kwa AAC au Opus, njia nyingine za kubana kwa kutupa, na kuigeuza MP3 ni kutupa mara ya pili.

DJ huumia kuliko msikilizaji wa kawaida kwa sababu anagusa ikwalaiza. Hesabu ya kutupa ilifanywa kwa wimbo kama ulivyo. Ukikata mid (sauti za kati) au ukapandisha treble (sauti za juu), unaondoa kile kilichokuwa kinafunika makosa, na makosa yanatoka nje.

Ukubwa wa faili hautakusaidia kumjua mwongo: dakika 4 za 320 ni karibu MB 9.6, iwe halisi au bandia. Tumia Spek, programu ya bure. Buruta wimbo ndani yake, picha itajichora: muda kwa mlalo, masafa (kutoka besi hadi sauti nyembamba, kwa kHz) kwa wima. Wimbo kutoka CD unaweza kufika karibu kHz 22, na 320 halisi kwa kawaida hufika kama kHz 20. Ukiona rangi zimekatwa kama kwa rula kwenye kHz 16, mwanzo hadi mwisho, hiyo ni 128 iliyovishwa koti. Ila usiwaonee wazee: rekodi iliyotoka kwenye kaseti nayo haina mengi huko juu, lakini yenyewe hufifia taratibu.

Dawa ni kurudi kwenye chanzo, yaani kununua faili au kumwomba prodyuza WAV. WAV ya biti 16 na kHz 44.1 hula karibu MB 10 kwa dakika. FLAC hubana bila kutupa chochote, ila kabla ya kujaza flashi uliza ukumbi una mashine gani ya kuchezea muziki: CDJ-2000 ya kwanza haisomi FLAC, CDJ-2000NXS2 inasoma. AIFF, faili lisilobanwa kama WAV, ni chaguo la salama, na hutunza jina la msanii na picha ya jalada vizuri kuliko WAV. Kama nafasi ni ndogo, 320 iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka WAV inatosha kabisa kwa kumbi nyingi.

Na faili safi huharibika kwenye miksa pia. Taa nyekundu ikiwaka mfululizo, vilele vya mawimbi vinakatwa na besi inaanza kukwaruza. Shusha trim ya chaneli (kitufe cha kiwango cha sauti inayoingia) mpaka sauti kubwa kabisa iguse njano. Ukumbi ukidai zaidi, nguvu hiyo itoke kwenye ampu.