Ndege mhamiaji na ndege wa kuhamahama

"Mjomba, flamingo hurudi mwezi gani?" Mpwa wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kisumu, aliniuliza hivyo tukiwa juu ya Baboon Cliff. Ziwa Nakuru lote lilikuwa chini yetu, na ufuoni hapakuwa hata na utepe mwembamba wa waridi. Swali lake lina kosa ambalo hata sisi wenyeji tunalo. Heroe (ndilo jina lake la Kiswahili, ingawa ukilitaja stendi ya Nakuru utaulizwa ni kitu gani) hana mwezi.

Mwenye mwezi ni ndege mhamiaji. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, huzaliana huko kaskazini kukiwa na joto, kisha baridi ikikaribia hufunga safari kuja huku. Septemba na Oktoba unaanza kuwaona wakipita chini juu ya nyasi wakidaka wadudu. Kufikia Aprili wengi wameshaondoka. Mwaka nenda, mwaka rudi, ni hivyo hivyo. Mchana ukirefuka au kufupika, mwili wake unajua.

Heroe ni wa kuhamahama, kama mfugaji anayefuata malisho. Heroe mdogo, ambaye ndiye aliyelivumisha Ziwa Nakuru, hula mwani mdogo mno uitwao spirulina, unaostawi kwenye maji ya magadi. Mtazame kwa darubini akila. Huinamisha shingo mpaka kichwa kinapinduka na taya la juu linakuwa chini, ulimi unavuta na kusukuma maji kama pampu, na vichujio vya ndani ya mdomo vinabakiza mwani. Waridi wake unatoka humo humo kwenye chakula; kifaranga huwa wa kijivu.

Sasa mwani ukiadimika, hangojei Aprili. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yalipanda, yakameza migunga ya ufuoni. Mingine bado imesimama majini, mikavu, minandi wakiwa wamekaa matawini kuanika mabawa. Maji mengi ya mvua na mito yakaizimua magadi, mwani ukapungua, na heroe wengi wakaelekea Bogoria na maziwa mengine. Tena husafiri usiku: unalala wapo, unaamka ufuo mtupu. Maji yakikolea tena magadi wanaweza kurejea, iwe Juni au Desemba. Hata kuzaliana hawazaliani hapa. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki hutagia Ziwa Natron, Tanzania. Nakuru wanakuja kula tu.

Wako pia wakazi, na hao hawana mengi. Furukombe, yule tai wa kichwa cheupe, utamkuta mwezi wowote, na sauti yake utaisikia kabla hujamwona.

Mwari ndiye anayewachanganya wageni, maana kwa mbali kundi lake nalo lina waridi kidogo. Yeye anafuata samaki, na samaki hao waliletwa: perege wadogo kutoka Ziwa Magadi walitiwa humu miaka ya 1950 na 1960 ili wapunguze mbu. Mbu sina hakika kama walishtuka, lakini mwari walikuja kwa wingi.

"Basi nisiulize mwezi," mpwa wangu akasema tukishuka. "Niulize maji yakoje."

Dereva wetu alikuwa akisikiliza. Alisimamisha gari tumpishe kifaru na mtoto wake wavuke, akatoa simu, akampigia mwenzake aliyekuwa na wageni Bogoria. Walisalimiana kwanza, wakaulizana habari za watoto, ndipo akauliza. Akakata simu, akageuka nyuma.

"Wapo. Anasema ukingo wote ni waridi. Lakini hiyo ni ya leo, kesho msiniulize."