Korodani ya Mzee Ikivimba, Chanzo Hutafutwa Kwenye Mkojo

Miezi mitatu iliyopita aliingia kwenye chumba changu cha kuonea wagonjwa mzee wa miaka 74, akitembea kwa kutanua miguu, mkono mmoja umeinua msuli ili usimguse. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo, akageuka kuhakikisha kwamba mlango umefungwa, ndipo akasema: "Mwanangu, mshipa umenishuka." Huku pwani neno mshipa hubeba mengi, kuanzia busha na ngiri hadi maumivu yoyote ya sehemu ambayo mtu mzima haoni vyema kuitaja, kwa hiyo sikulichukua kama jina la ugonjwa. Korodani yake ya kulia ilikuwa imevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa, na kiganja kilipoikaribia kilihisi joto lake. Dozi mbili alikuwa amekwisha kuzimaliza. Zahanati moja ilikuwa imemtibu kisonono na kumwagiza arudi na mkewe, jambo lililomfedhehesha kiasi cha kutorudi kabisa, na baada ya hapo duka la dawa lilimuuzia sipro, aina ya antibayotiki, za siku tano.

Katika safari zote hizo hakuna aliyemuuliza anakojoaje. Nilipomuuliza mimi, alisema kwamba usiku huamka mara tano, kwamba husimama muda mrefu kabla mkojo haujaanza kutoka, na kwamba ukianza hukatikakatika na kumwachia hisia kuwa mwingine umebaki. Kwangu mimi majibu hayo yalikuwa na uzito kuliko uvimbe wenyewe, kwa sababu kwa mwanamume wa umri huo maambukizi ya korodani ni nadra kuanzia kwenye korodani.

Nyuma ya kila korodani kuna mrija mwembamba sana uliojikunjakunja, uitwao epididimisi, ambao ukinyooshwa hufikia urefu wa mita 6 hivi. Mrija huo huendelea kwa mrija wa manii, unaopanda kupitia kinena, unazunguka nyuma ya kibofu, kisha unapita ndani ya tezi dume na kufungukia kwenye njia ya mkojo. Njia iliyoumbwa kupitisha mbegu kwenda nje inaweza pia kupitisha bakteria kurudi ndani. Tezi dume ikitanuka na kubana njia, kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu, mkojo unaobaki hugeuka kuwa bwawa la kuzalia vijidudu, na shinikizo hilo huusukuma mkojo wenye vijidudu kinyumenyume hadi kwenye epididimisi. Ndiyo maana maumivu huanzia nyuma na chini ya korodani, kwenye mkia wa epididimisi, na ni baada ya siku moja au mbili tu ndipo korodani yenyewe huvimba na vyote viwili kuwa donge moja lisiloweza kutenganishwa kwa vidole.

Kwa vijana wanaofanya ngono, visababishi vya kawaida ni klamidia na kisonono. Kuanzia miaka 35 hivi na kuendelea mizani huanza kugeuka, na kwa wazee bakteria wa utumbo, hasa E. koli, ndio wanaoongoza. Mgawanyo huu unatusaidia kuchagua pa kuanzia, lakini haumpi mganga ruhusa ya kudhani kwamba mzee hana maisha ya ndoa au ya nje ya ndoa. Mimi huuliza, kwa heshima na tukiwa wawili tu, na mara chache jibu hunishangaza. Ninachokipinga ni kumtibu kila mzee mwenye korodani iliyovimba kama mgonjwa wa zinaa bila kikopo hata kimoja cha mkojo kupimwa, kwa kuwa dawa hizo zinaweza zisimguse mdudu aliyepo, na aibu humfukuza mgonjwa kabla hajapata tiba inayomfaa.

Tezi dume haiko peke yake. Mpira wa mkojo, hasa ule unaokaa wiki nyingi, huwapa bakteria ngazi ya kupandia, na vivyo hivyo upasuaji au uchunguzi wowote unaopitia njia ya mkojo. Kisukari hupunguza ulinzi wa mwili na kulegeza kibofu. Kuna pia kovu la njia ya mkojo, ambalo kwa wazee wengi ninaowaona ni deni la kisonono cha ujanani: ugonjwa ulipona miaka 40 iliyopita, kovu likabaki likibana kidogo kidogo, na sasa ndilo linalozuia mkojo.

Katika mazingira yetu hatuwezi kusahau magonjwa mengine mawili. Kifua kikuu huweza kufika kwenye epididimisi bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Uvimbe wake huja polepole na maumivu yake ni madogo, mrija wa manii hushikika kama uzi wenye shanga, na wakati mwingine ngozi ya nyuma ya mfuko hutoboka na kutoa usaha usiokauka. Dalili inayonizindua kutoka maabara ni mkojo wenye chembe nyingi za usaha ambao ukioteshwa, yaani ukiwekwa ili bakteria wake wakue, hauoti kitu. Hapo huomba mkojo wa alfajiri wa siku 3 mfululizo kwa ajili ya kupima kifua kikuu, na hupima pia VVU. Ugonjwa wa pili ni ule wa matende na mabusha, ambao minyoo yake hupenda mirija ya limfu ya eneo hilo na huleta vipindi vya homa na uvimbe wenye maumivu kwa watu waliokulia Tanga, Lindi, Mtwara au visiwani. Vijiminyoo vyake huzunguka kwenye damu usiku wa manane, ndiyo sababu wazee wetu wanakumbuka watu wa afya waliokuja kuwatoboa vidole saa nne na saa tano usiku. Siku hizi kipo kipimo cha haraka kinachoweza kufanywa mchana.

Matumbwitumbwi, ambayo pia huweza kuvimbisha korodani, kwa wazee ni nadra. Nadra pia, lakini inafaa kukumbukwa, ni amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo ambayo kwa dozi kubwa huweza kuvimbisha epididimisi bila bakteria wowote kuhusika.

Uchunguzi wangu huanza kwa maswali, kisha mikono. Maumivu yaliyokuja kwa saa chache tu, kama kisu, hunifanya nifikirie korodani iliyojisokota, ambayo hata mzee anaweza kuipata ingawa ni ugonjwa wa vijana zaidi, na ambayo haingoji vipimo vya kesho, kwa sababu baada ya saa 6 hivi uwezekano wa kuiokoa hushuka haraka. Hushika kinena kutafuta ngiri iliyonasa. Huzima taa na kuweka tochi nyuma ya mfuko: busha la maji safi hung'aa wekundu, ilhali usaha, ngiri na nyama ngumu hubaki giza. Huangalia ngozi mpaka karibu na njia ya haja kubwa, hasa kwa mwenye kisukari, kwa sababu weusi wa ngozi unaosambaa, harufu mbaya au hewa inayochakarika chini ya vidole ni dalili za kuoza kwa nyama, na mgonjwa huyo huenda chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Tezi dume huipima kwa kidole kwa upole bila kuikanda, kwani kukanda tezi yenye maambukizi kunaweza kusukuma bakteria kwenye damu. Wala sitegemei homa. Wazee wengine huwa na maambukizi makali bila joto kupanda, na familia husema tu kwamba baba ameacha kula au anaongea yasiyoeleweka.

Kisha mkojo, na hapa sina msamaha: uchukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza. Mgonjwa aanze kukojoa, aache kidogo kipotee, akinge wa katikati kwenye kikopo safi cha maabara, nao ufike maabara ndani ya saa 2 au uwekwe kwenye friji. Nimeletewa mkojo ndani ya chupa ya soda iliyosafiri kwa basi tangu alfajiri. Wadudu walioota humo walikuwa wengi, ila hakuna aliyeweza kusema wepi ni wa mgonjwa na wepi ni wa chupa. Kwa mwenye mpira, mkojo wa kwenye mfuko haufai; mpira ubadilishwe kwanza, na sampuli itoke kwenye mpira mpya. Ikiwa kuna shaka ya ugonjwa wa zinaa, unahitajika mkojo wa mwanzo, si wa katikati.

Kuotesha huchukua siku 2 au 3, na sisemi tungoje bila kutibu. Tunaanza dawa, halafu majibu yanatuambia kama tumekosea. Mkojo wa mzee wangu uliota E. koli iliyokuwa sugu kwa sipro, kwa hiyo zile siku tano za duka la dawa hazikuwa na nafasi ya kumponya.

Altrasaundi yenye dopla humaliza ubishi mwingi: penye maambukizi damu huongezeka, kwenye korodani iliyojisokota hupungua au kutoweka, na jipu huonekana kama shimo lenye uji. Huomba pia kibofu kipimwe mara tu baada ya kukojoa. Kwa mzee, mkojo uliobaki chini ya mililita 100 haunitishi sana. Mzee wangu alibakiwa na 380. Tulibadilisha antibayotiki, tukamwanzishia dawa ya kulegeza shingo ya kibofu. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, sikuipima siku hiyo, maana maambukizi huipandisha na namba yake ingeleta hofu ya saratani bila sababu.

Alirudi baada ya wiki 6, amekaa vizuri kwenye kiti, akitaka kujua kama anaweza kupanda baiskeli. Maumivu yalikuwa yameisha, lakini sehemu ngumu kama punje ya kunde ilikuwa imebaki nyuma ya korodani. Mara nyingi huwa ni kovu linalochukua wiki kadhaa kulainika. Hata hivyo, kwa mwanamume aliyepita miaka 60, limfoma, saratani ya chembe za limfu, ndiyo saratani ya korodani inayoonekana zaidi, nayo huweza kujificha nyuma ya historia ya "maambukizi yasiyopona". Nilimwambia baiskeli anaweza, akapitie maabara kutolewa damu ya PSA, kisha aende moja kwa moja kwenye altrasaundi ya pili.