Je, wajua Schumacher alikuwa mcheza rafu au fundi wa usukani?

Taja jina la dereva Michael Schumacher mbele ya wapenzi wa langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, na ubishi utazuka papo hapo. Mmoja atakuhesabia mataji 7 na ushindi mara 91. Mwingine atakujibu kwa neno moja tu: Jerez.

Tuanze na ufundi, kwa sababu wanaosema alibebwa na gari huwa hawaangalii miguu yake. Anayejifunza mbio huambiwa apunguze mwendo gari likiwa limenyooka, ndipo akate kona. Madereva wakubwa hubana breki hadi ndani ya kona, lakini Schumacher aliifikisha mbali mbinu hiyo. Alikanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku akizungusha usukani, akiiachia kidogo kidogo kadiri gari linavyopinda. Uzito ukabaki mbele, matairi ya mbele yakang'ata lami, nyuma ikalegea na kulisaidia gari kugeuka. Mguu wa kulia nao ulikuwa ukigusagusa mafuta ili nyuma isichomoke. Ukiiachia breki mapema mno, gari linagoma kukata kona, ukichelewa, linazunguka. Ndiyo maana alitaka gari lenye pua kali na mkia mwepesi, ambalo wenzake kwenye timu walihangaika nalo.

Mwaka 1994 kule Barcelona, gia ilikwama kwenye namba 5 mbio zikiwa bado mbichi. Aliingia kubadili matairi na kuondoka tena kwa gia hiyo hiyo bila injini kuzima, akamaliza wa pili. Miaka 2 baadaye, hapo hapo, chini ya mvua kubwa, alishinda akiwa na Ferrari iliyokuwa dhaifu kuliko magari ya timu ya Williams, zaidi ya sekunde 45 mbele ya dereva Jean Alesi.

Hungary 1998 ndiyo inayonishawishi zaidi. Ross Brawn, mkuu wa ufundi wa Ferrari, aligeuza mpango katikati ya mbio, kutoka kusimama kuongeza mafuta na kubadili matairi mara 2 hadi mara 3. Kusimama mara nyingi maana yake ni mafuta kidogo na gari jepesi, lakini kituo cha ziada kinakula sekunde zaidi ya 20, na lazima uzilipe barabarani. Schumacher aliambiwa ana mizunguko 19 ya kutafuta sekunde 25. Akazipata, licha ya kutoka nje ya njia kwenye kona ya mwisho. Ni kweli gari la mpinzani wake Mika Häkkinen wa McLaren lilikuwa na hitilafu siku hiyo, lakini David Coulthard wa timu hiyo hiyo alikuwa mzima na bado aliachwa.

Sasa rafu. Adelaide 1994, mbio za mwisho za msimu, akiwa na pointi 92 dhidi ya 91 za mpinzani wake Damon Hill, aligusa ukuta, Hill akajipenyeza ndani, wakagongana. Taji likawa lake na waamuzi hawakumwadhibu. Jerez 1997, tena mbio za mwisho, akiwa na pointi 78 dhidi ya 77 za Jacques Villeneuve wa Williams, Villeneuve alichelewesha breki na kuingia upande wa ndani. Tairi la mbele la kulia la Schumacher likagonga ubavu wa kushoto wa Williams. Yeye akakwama kwenye kokoto, Villeneuve akaendelea hadi ubingwa, na FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, ikamfuta Schumacher kwenye msimamo wa mwaka mzima. Monaco 2006 alisimamisha gari kwenye kona ya Rascasse wakati wa kusaka nafasi ya kuanzia, waamuzi wakaona alifanya makusudi kuwazuia wenzake, akaanza nyuma ya wote.

Wengi huita haya hesabu baridi. Mimi naona kinyume: hesabu zake zilikuwa mizunguko 19 ile. Rafu zilimjia pale nafasi ilipokuwa inamponyoka. Ushahidi ni Hungary 2010, alipombana Rubens Barrichello hadi karibu kabisa na ukuta, wakigombea nafasi ya 10, yaani pointi 1 tu. Hapakuwa na taji la kupigania. Hiyo ni kasoro ya kweli, na angeweza kumuua mwenzake, lakini haifuti ufundi wake.

Mwaka 2012, akiwa na miaka 43, aliweka muda bora kuliko wote wakati wa kusaka nafasi huko Monaco. Alianza wa 6, kwa adhabu ya kumgonga dereva Bruno Senna kwa nyuma kwenye mbio zilizotangulia.