Constable hakukaa mbele ya ngome

Juzi mwanafunzi mwingine kaniambia kwamba John Constable, mchoraji Mwingereza wa mandhari, alikaa mlimani akaichora ngome ya Hadleigh kama alivyoiona. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Constable alifika Hadleigh, Essex, Uingereza, mwaka 1814, akachora magofu kwa penseli kwenye kijitabu chake cha mfukoni, akaenda zake. Picha ya rangi ya mafuta aliionyesha Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1829. Ni miaka 15! Aliifanyia kazi studio.

Najua kosa linatoka wapi. Constable kweli alipaka rangi nje. Mwaka 1821 na 1822 alikuwa Hampstead, London, akisoma mawingu, na nyuma ya karatasi akiandika saa na upepo wa siku ile. Lakini yale yalikuwa mazoezi ya jicho. Picha kubwa aliijenga ndani, na kabla yake alitengeneza rasimu ya mafuta yenye ukubwa karibu uleule, zaidi ya mita moja na nusu kwa upana. Fikirini gharama ya kanvasi na rangi kwa kitu ambacho hakusudii kukionyesha! Rasimu ya Hadleigh iko kwenye jumba la sanaa la Tate, London; picha yenyewe iko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Ziwekeni pamoja kwenye skrini. Kwenye rasimu rangi ni nzito, imekwanguliwa na kubandikwa kwa kisu, nyasi na mawe havitengani. Kwenye picha kamili mchungaji, mbwa na ng'ombe wanasomeka, na vidoti vyeupe vimetawanywa juu ya majani kama umande. Mtu anayenakili tu anachokiona hahitaji kupigana na kanvasi mbili.

Halafu kuna Maria, mkewe, aliyefariki Novemba 1828. Vitabu husema mnara uliopasuka ni majonzi ya Constable. Mimi pia hufundisha hivyo, ila moyo wangu hautulii: mnara huohuo umepasuka tayari kwenye penseli ya 1814, miaka miwili kabla hawajaoana. Kama majonzi yapo, nayatafuta angani. Jina aliloipa picha kwenye maonyesho linataja asubuhi baada ya usiku wa dhoruba, na dhoruba hiyo hakuitoa kwenye kijitabu. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wafunike mnara kwa kiganja, watazame mawingu ya rasimu, kisu kilipopita.