Vidole Shingoni

Wengi huja kwangu vidole vikiwa shingoni. Ni wanafunzi wa udaktari, aghalabu wa mwaka wa tatu, ndio kwanza wameanza raundi za wadi pale Hospitali ya Kenyatta, na wiki hiyo wamesoma saratani ya tezi za limfu. "Daktari, kuna kivimbe hapa." Nikipapasa, nakuta kweli kipo: laini, kidogo kuliko haragwe, kinateleza chini ya kidole. Kijana mwembamba kuwa na tezi kama hiyo ni kawaida. Lakini ameiminya tangu alfajiri. Kuminya huko ndiko kunakoitia maumivu, na maumivu ndiyo yanayomrudisha kuiminya tena.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, na naomba tuache kuwacheka. Nilipokuwa mwanafunzi nilimweleza mwalimu mmoja kwamba moyo unanienda mbio. Aliwasimulia wenzangu kwenye raundi, wakaangua kicheko. Mwaka mzima sikumwambia mtu tena. Na moyo ulikuwa ukienda mbio kweli, kwa kukesha na kahawa. Mwili wangu haukusema uongo. Kitabu ndicho kilichoupa jina lisilo lake.

Tafiti za miaka ya 1960 zilisema hofu hii, ya kujiona na ugonjwa unaousoma, imewaenea mno wanafunzi wa udaktari. Lakini mwaka 1986 mtafiti Kellner na wenzake waliwalinganisha na wanafunzi wa sheria, wala hawakuwakuta wa udaktari na hofu kuwazidi. Nayaamini matokeo hayo. Wanaokaa mbele yangu wana mtihani, usingizi haba, karo ambayo nyumbani bado inatafutwa. Hofu ilikuwapo; somo la wiki limeipa pa kukaa.

Hata hivyo, hapa Nairobi siwezi kusema tu "si kitu." Kifua kikuu kipo, na mwanafunzi hushinda wadi moja na wagonjwa wanaokohoa. Kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yapimwe. Ila apimwe na mtu mwingine, mara moja, na majibu yakiwa safi asikimbilie maabara nyingine ya mtaani kuyahakiki.

Kisha tunapatana: wiki nzima vidole visiguse shingo. Siku za mwanzo hofu hupanda, na wengine hunipigia simu usiku. Napokea. Siwaambii tena kwamba hawana saratani, kwa sababu jibu hilo huwatuliza saa moja tu. Nawauliza mikono iko wapi. Siku zikisonga, tezi huacha kuuma.